Ishirini ya Saa Nne

Kwenye wodi yetu kila mgonjwa alikuwa akipumua mara ishirini kwa dakika. Bibi wa miaka themanini, ishirini. Msichana aliyetolewa kidole tumbo jana yake, ishirini. Yule mama wa kitanda cha tatu aliyekoroma mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka, naye ishirini. Ungefungua chati zetu ungedhani tunauguza kwaya. Si kwamba wauguzi hatujui kuhesabu. Presha ina mashine yake, joto lina kipimo chake, mapigo ya moyo yanajitokeza yenyewe kwenye mashine ileile ya presha. Pumzi haina mashine. Pumzi inataka usimame, uangalie kifua cha mtu kinavyopanda na kushuka dakika nzima, na wodi yenye wagonjwa thelathini na sita na wauguzi wawili haina dakika nzima ya kumpa mtu. Basi unaandika ishirini. Ishirini haimshtui daktari, haimsumbui Matroni, inapita tu.

Mtu mmoja ndiye aliyetuharibia kwaya. Chati zake zilikuwa na kumi na saba, ishirini na tatu, kumi na tisa, na ikitokea ameandika ishirini, basi mgonjwa huyo alikuwa amepumua mara ishirini kwelikweli. Tulimwita Sista mbele yake na Dakika nyuma yake, na majina yote mawili alikuwa anayajua.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miaka ishirini na sita kazini, na yote ilikuwa imeshukia miguuni. Raba zake nyeupe alizikata pembeni kwa wembe ili kidole gumba kipate pa kutokea. Hakukaa kwenye kiti kifupi hata kwa kubembelezwa, kwa sababu kuinuka kwake kulikuwa ni kazi ya watu wawili. Kifuani alibana saa ndogo ya wauguzi, ile inayoning'inia kichwa chini, ambayo anayeivaa tu ndiye anayeweza kuisoma. Kioo chake kilikuwa na ufa. Wagonjwa wa kitanda cha karibu na meza walisema Sista akitembea unasikia kwanza magoti, halafu saa, halafu yeye mwenyewe anatokea.

Mimi nilikabidhiwa kwake siku ya kwanza, cheti changu bado kinanuka wino. Nilipima presha ya mgonjwa, nikapima joto, nikaandika ishirini nikageuka kwenda zangu.

"Umehesabu?" akauliza.

"Ndiyo, Sista."

"Kwa jicho lipi? Maana muda wote ulikuwa unanitazama mimi."

Nilitamani sakafu inimeze. Hakuninunia wala hakunisema kwa Matroni. Aliniburuta kwa mkono wa nguo hadi kitandani akanionyesha ufundi wake, na ufundi wenyewe ulikuwa huu. Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, hapohapo anaanza kupumua kwa adabu, au anasahau kabisa jinsi ya kupumua. Kwa hiyo humwambii. Unamshika kifundo cha mkono kama unayesikiliza mapigo, unamwekea mkono kwenye tumbo lake, unazungumza kidogo kisha unanyamaza, na macho yako yanakuwa kwenye saa na kwenye kifua. Mgonjwa anadhani umemshika tu.

"Mtu akianza kuharibika," aliniambia, "pumzi ndiyo inayotangulia kusema. Presha inajikaza mpaka mwisho, inakudanganya. Pumzi haiwezi kunyamaza. Umenielewa, mwanangu?"

Nilimwelewa. Nikajifunza kuhesabu akiwa karibu, na akiwa mbali nikaandika ishirini. Naungama mapema ili mtu asinione malaika.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wagonjwa hawakujua. Wao walisema Sista ana upendo. Wodi nzima, wauguzi wote tunapita mbio na visahani vya sindano kama tunaofukuzwa, yeye peke yake anasimama, anamshika mtu mkono dakika nzima bila kusema neno. Kuna bibi mmoja aliyekataa kwenda nyumbani siku ya ruhusa mpaka ashikwe mkono wa mwisho. Wengine walikuwa wanautoa mkono nje ya shuka wakimwona anakaribia, wanauweka tayari juu ya blanketi. Siku moja nilimuuliza kama anawahurumia au anawahesabu.

"Huruma ninayo," akasema, "ila imechoka, inatembea polepole. Ningeitegemea huruma hawa wangekwisha."

Na tangu hapo neno lake kwangu likawa hilohilo moja. Nikitoka kitandani, "Umehesabu?" Nikitia sukari kwenye chai, "Umehesabu?" Nikimwambia kwamba mchumba wangu ananipenda, "Umehesabu?" Alikuwa akinikera, na bado ningefanya lolote ili anisifu.

Sasa nije kwenye Jumatatu yenyewe.

Kitanda cha kumi na moja alilala mshonaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, siku ya tatu tangu apasuliwe utumbo. Alikuwa mcheshi, alikuwa amekwisha kunitajia makosa yote ya mshono wa sare yangu. Asubuhi ile aliamka kimya. Mimi nilikuwa upande wa pili wa wodi nikifunga vidonda, kumi na vinne, mgongo umenikatika. Sista Dakika alikuwa upande wake na mashine ya presha, akitoka kitanda hadi kitanda kwa vipimo vya saa nne. Nilimwona amefika kwa mshonaji. Nilimwona anafungua mkanda wa mashine mkononi mwake. Ndipo mama wa kitanda cha tisa alipotapika damu beseni zima, na mhudumu wetu wa usafi akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi jikoni. Sista aliacha mashine ilipo akakimbia na magoti yake mabovu. Tulikuwa kule kwa muda mrefu, dripu mbili, daktari, machela, damu kwenye raba. Tuliporudi mezani alichukua rundo la chati akaanza kuandika bila kukaa, kiwiko kimeegemea ukuta.

Saa sita mchana vipimo vikawa zamu yangu. Mshonaji alikuwa amefumba macho. Presha yake ilikuwa imeshuka kidogo, joto limepanda kidogo, vitu ambavyo siku ya tatu baada ya operesheni vinaweza kuwa chochote au visiwe chochote. Niliangalia safu ya pumzi. Saa nne, kwa mwandiko wa Sista Dakika, ile mbili yake yenye mkia mrefu: ishirini. Moyo ukatulia. Kama yeye alihesabu saa mbili zilizopita akakuta ishirini, mimi ni nani wa kukuta kingine? Niliandika ishirini chini yake, nadhifu, nikaenda kitanda cha kumi na mbili. Za uvivu nilikuwa nimeziandika nyingi maishani, lakini ile niliiandika kwa imani.

Saa nane wakaingia wa zamu ya mchana. Makabidhiano ya zamu kwetu hufanywa kwa miguu, tunapita kitanda kwa kitanda, anayetoka anasema, anayeingia anasikiliza. Aliyeingia siku hiyo ni muuguzi mmoja mrefu tuliyemwita Mlingoti. Nilipofika kwa mshonaji nikaanza wimbo wangu, "siku ya tatu, hali ya wastani, pumzi ishirini." Mlingoti hakuwa akinisikiliza. Alikuwa anatazama pua za mshonaji zinavyotanuka. Akainua shuka, akatazama saa ya ukutani, na mimi nikasimama pale na chati yangu mkononi nikimtazama anavyohesabu.

"Thelathini na nane," akasema. "Nani aliandika ishirini?"

Kufumba na kufumbua mshonaji yuko chumba cha upasuaji. Utumbo ulikuwa umefumuka mahali pamoja, tumbo limejaa usaha, na haukujaa kwa saa mbili tu. Alilazwa kwa wagonjwa mahututi karibu wiki tatu. Mchana ule Sista Dakika alivua raba zake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akazishika mkononi, akabaki amekaa vile. Nilidhani ni miguu.

Barua ya ofisi ilinifikia wiki iliyofuata. Nilitakiwa kujieleza mbele ya kikao, kwa nini mgonjwa aliyekuwa salama saa nne aliharibika mikononi mwangu bila mimi kugundua, na kwa nini suala hilo lisipelekwe kwa wanaotoa leseni. Leseni yangu ilikuwa na miaka miwili. Baba yangu alikuwa ameitengenezea fremu ya mbao akaitundika sebuleni, juu kuliko picha yake ya harusi. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Kulikuwa na karatasi ya pili, nakala ya malalamiko yaliyoandikwa na dada mkubwa wa mshonaji. Aliandika kwa hasira na kwa kalamu mbili, moja iliisha wino katikati. Alilalamikia choo, alilalamikia saa za kuona wagonjwa, na mwisho kabisa aliandika hivi: "Tena yule Sista mwenye saa kifuani huwashika wagonjwa wote mikono. Mdogo wangu siku ile alimtolea mkono, Sista hakuushika, akaenda kwa mwingine. Mdogo wangu aliumia sana moyoni. Tunauliza, alimkosea nini?"

Nilisoma mara tatu. Mtu mwingine yeyote angeona manung'uniko ya mgonjwa mdekaji. Mimi niliona safu ya pumzi. Hakuushika mkono. Kama hakuushika mkono, hakuhesabu. Na kama hakuhesabu, ile ishirini ya saa nne ilikuwa ishirini yetu sisi wengine, ishirini ya mezani, na mimi niliiamini nikaiweka juu ya jina langu.

Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Miaka miwili ya "Umehesabu?" kichwani mwangu. Na kilichoniuma zaidi, barua ile mimi haikunitaja. Mimi nami sikumshika mkono saa sita, lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kuungoja mkono wangu.

Jumamosi nikapiga moyo konde nikaenda nyumbani kwake. Nilipanga maneno njia nzima. Nitamwambia: ama useme wewe, ama nitasema mimi. Mlango ulikuwa wazi. Mumewe, fundi seremala, alikuwa barazani anapiga randa mguu wa kiti, akanionyesha kwa kidevu niingie ndani.

Sebuleni kulikuwa na kitanda, na kitandani mama mkwe wake, ambaye kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia. Miaka mitatu. Sijui niseme nini, nilikuwa nafanya naye kazi kila siku na sikujua. Sista alikuwa na mabeseni mawili sakafuni, moja la povu na moja la kusuuzia, anafua mashuka ya mgonjwa kwa mikono, ameinama kwa sababu akichuchumaa hainuki. Alivaa khanga iliyofifia na miguuni hakuwa na kitu. Mishipa ya miguu yake sikuwahi kuiona hivyo, minene, imejisokota mpaka juu ya magoti.

"Karibu mwanangu," akasema bila kuinuka. "Kaa hapo, usiangalie fujo."

"Pole na kazi, Sista."

"Hii si kazi, hii ni mapumziko yangu."

Nilikaa. Alikamua shuka, akaenda kumgeuza bibi ubavu mwingine, akamfuta mgongo, akampaka mafuta, yote kwa mwendo uleule wa wodini. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika bibi mkono wake mzima.

"Unaona mkwe wangu," bibi akaniambia kwa ule ulimi wake mzito. "Anipende mara ngapi? Kila siku ananishika. Wanangu wa kuzaa wananipungia mlangoni."

Nilitazama macho ya Sista. Hayakuwa usoni kwa bibi. Yalikuwa kifuani mwake, na midomo ilikuwa ikitikisika kidogo sana.

Alipomaliza aliniuliza nimekuja na neno gani. Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni. Niliangalia lile beseni, mashuka manne bado yanaelea. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Nikamsaidia kukamua mawili, nikaondoka, na barabarani nikajitukana kwa sauti mpaka mama mmoja akavuka upande wa pili.

Kikao kilikuwa Jumatano, ofisini kwa Matroni. Viti vilikuwa vifupi, na Sista akaomba kusimama. Walikuwapo Matroni, daktari wa upasuaji aliyemfungua mshonaji mara zote mbili, na bwana mmoja wa ofisi mwenye faili la rangi ya maziwa ambaye kila sentensi aliianza kwa "kwa mujibu wa."

Daktari ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu mkavu, mwenye haraka, asiyesifu mtu. Akaweka chati mezani.

"Mimi nitasema wazi," akasema. "Ishirini za wodi hizi huwa sizisomi. Najua zinavyopatikana. Lakini hii ya saa nne ni ya huyu mama. Nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili. Akiandika ishirini, ni kama nimehesabu mwenyewe. Kwa hiyo saa nne mgonjwa alikuwa salama, tuanzie hapo. Swali ni la saa sita."

Wote wakanigeukia. Nilifungua mdomo nikasema niliandika bila kuhesabu. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa na pa kujificha. Bwana wa faili aliandika kwa furaha.

"Na baada ya saa nne hakuna mwingine aliyemgusa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna."

"Basi," akasema Matroni polepole, na nilimwona ananionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniambia nimekwisha. "Basi hapo hatuna ujanja."

Barua ya dada mtu ilikuwa mkobani mwangu. Niliigusa. Ningeweza kuitoa, kuisoma mstari mmoja tu, na kila mtu mule ndani aliyewahi kumwona Sista akifanya kazi angeelewa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba kabisa. Nilikuwa nawaza fremu ya baba, na nilikuwa nawaza yale mashuka, na sikupata nguvu ya kuchagua. Huo ndio ukweli, wala sikuwa na wema wowote.

Bwana wa faili akafunua ukurasa wake wa mwisho. "Kwa mujibu wa utaratibu nisome na hili la ndugu wa mgonjwa," akasema, akasoma haraka, choo, saa za kuona wagonjwa, halafu ule mstari. Akatabasamu. "Hili ni la hisia. Tutawaandikia barua ya kuwapoza."

"Soma tena," akasema Sista Dakika.

"Lipi?"

"La mkono."

Akalisoma tena. Sista alikuwa ameshika ile saa kifuani, kidole kinapita juu ya ufa.

"Huyo mgonjwa anasema kweli," akasema. "Sikumshika mkono. Mimi nikimshika mtu mkono ndipo ninamhesabu. Sikumshika, sikuhesabu. Ile ishirini niliiandikia mezani."

Daktari alivua miwani. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilichoka."

Daktari alingoja aendelee. Sote tulingoja. Kulikuwa na mambo tele ya kusema, damu ya kitanda cha tisa, wagonjwa thelathini na sita, magoti, mabeseni mawili ya mashuka, ningeweza kuyasema mimi kwa niaba yake mpaka jua lizame. Yeye hakuongeza hata moja.

"Nimeandika ishirini za namna hiyo mara ngapi, mtaniuliza," akasema. "Mwaka huu nyingi. Zamani hakuna. Na huyu binti aliiona ya kwangu akaiamini, kama wewe daktari ulivyoiamini sasa hivi. Kama saa nne ningemshika yule mwanamke mkono, angepasuliwa kabla ya saa sita. Kosa lianzie hapo."

Nilisikia saa yake. Daktari alichukua chati yake, akaitazama ile mbili yenye mkia, akairudisha mezani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. Nililia mbele yao wote, kwa aibu na kwa nafuu, na siwezi kusema ipi ilikuwa nyingi zaidi.

Leseni yangu haikuguswa. Nilipewa onyo. Yeye alipewa onyo la mwisho, akavuliwa kazi ya kufundisha wauguzi wapya. Na daktari, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuhakiki namba za Sista, kuanzia siku ile akawa anasimama kitandani na saa yake ya mkononi, anahesabu upya mbele yake. Hilo la mwisho halikuandikwa kwenye barua yoyote.

Tulitoka pamoja. Kwenye ngazi alishindwa kushuka, akakaa kwenye kipandio, nami nikakaa.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Tangu Ijumaa."

"Ndicho kilichokuleta nyumbani."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafua."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, watu wakatupita kwenye ngazi wakituona hatuna akili. Kisha tukawa watu wawili kumwinua, mimi na ukuta.

Siku nne baadaye mshonaji alirudishwa wodini kwetu, amekonda, sauti ndogo, kitanda kilekile cha kumi na moja. Saa nne Sista alifika kwake na mashine. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani nabadilisha dripu. Mshonaji alipomwona alitoa mkono nje ya shuka, akauweka juu ya blanketi.

Sista hakuushika. Alisimama akautazama.

"Mdogo wangu," akasema, "mkono huu huwa siushiki kwa mapenzi. Nahesabu pumzi. Hamjui kwa sababu hatuwaambii."

Mshonaji alikunja uso akifikiri. Yeye ni fundi, akili yake inafuata uzi. "Kwa hiyo siku ile hukunishika..."

"Sikuhesabu. Ungegundulika mapema. Nisamehe."

Mshonaji aliurudisha mkono wake ndani ya shuka, taratibu, akalishikilia shuka hadi kidevuni. Vitanda viwili vitatu vya karibu vilikuwa vimesikia. Nilimwona mama mmoja naye akiuficha mkono wake.

Sista alitazama saa, akatazama kifua, lakini nilijua na yeye alijua kwamba haiwezekani tena. Mshonaji alikuwa anapumua kwa kujua, anavuta na kuibana. Namba ya namna hiyo si namba. Wodi nzima ingekuwa hivyo mpaka jioni, na kesho yake, na yeye ufundi wake wa miaka ishirini na sita alikuwa ameumwaga pale kitandani kwa maneno mawili matatu.

"Njoo," akaniambia. "Hesabu wewe. Mimi wameshanijua."

Nilikwenda. Nilimwomba mshonaji mkono kwa kisingizio cha kuangalia mahali pa sindano, akanipa bila kunitazama. Alikuwa anamtazama Sista, machozi yamemjaa, hasira au kitu kingine, na kwa kumtazama hivyo akasahau kupumua kwa adabu. Kifua chake kikapanda na kushuka chenyewe. Mkono wake ulikuwa wa moto kidogo na wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. Nilihesabu dakika nzima. Kitanda cha kumi na mbili walikuwa wananiita, sikugeuka.

Niliandika kumi na nane.

"Umehesabu?" akauliza Sista.

Safari hii hakuwa akinitania. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, amechoka, na alitaka kujua.

"Nimehesabu," nikasema.

Aliitazama ile namba kitambo, akakokota mashine ya presha, akaenda zake kitanda cha kumi na mbili, na mimi nikamfuata.